Tarehe ya Behewa Namba 12 na Haki ya Maseremala

Reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikawasili Nairobi tarehe 30 Mei 1899, ikaugusa ukingo wa ziwa pale Kisumu mwezi Desemba 1901. Wahandisi wake wametajwa, wakubwa wake wametajwa, na hata simba wa Tsavo wametungiwa kitabu. Lakini maseremala waliokuwa wakiyatunza mabehewa yake ya mti hawatajwi, na kwa ajili hiyo nimeazimu kuiandika tarehe hii, ili haki imfikie mwenyewe.

Asili ya mafundi hawa ni Punjab. Miongoni mwa watu 31,983 walioletwa kutoka Bara Hindi kwa ujenzi wa reli, ambao 2,498 walifia kazini, walikuwamo Masingasinga wa jamaa ya Ramgarhia, watu ambao useremala na uhunzi kwao ni urithi wa baba kwa mwana, na ambao mtoto wao huijua randa kabla hajaijua kalamu. Wapaka rangi walikuwapo, na washona matandiko pia. Wenyeji wa nchi waliingia karakanani kwa kubeba mbao, wakatoka mafundi.

Wazee wa karakana hawaitaji kazi yao pasipo kulitaja behewa la ukaguzi namba 12, nami sina budi kusita hapa. Mwezi Juni 1900 Bwana Charles Ryall, msimamizi wa polisi wa reli, alilala ndani yake katika stesheni ya Kima pamoja na Bwana Huebner na Bwana Parenti, wakimvizia simba mla watu. Zamu ya kukesha ilikuwa ya Ryall, na usingizi ukamghalibu. Simba akapanda, akaingia kwa mlango uliokuwa ukiteleza juu ya reli mbili za shaba. Na kwa kuwa behewa halikusimama sawa, uzito wake ukaliinamisha, mlango ukajirudi wenyewe na kitasa kikajifunga, wakawa watu watatu na mnyama mmoja katika chumba kimoja. Alimkanyaga Parenti aliyelala sakafuni, akamnasa Ryall, naye Huebner hakuona njia ya kuufikia mlango wa pili ila kwa kumrukia simba mgongoni. Kisha simba akatokea dirishani na Ryall kinywani.

Nimesikia wakisema kwamba taksiri ilikuwa ya seremala, kwa kuufanya mlango mwepesi kupita kiasi. Kauli hiyo naikataa katakata. Mlango mbovu hukwama. Ule uliteleza kwa sababu ulirandwa kwa kipimo, na shaba yake ililazwa pasipo kupinda hata unywele. Kilichokuwa kombo ni njia ya pembeni ambapo behewa liliegeshwa, na lawama ya njia haimwangukii aliyechonga mlango.

Behewa hilo lingalipo, katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi yaliyoanzishwa mwaka 1971, na dhima ya kulihifadhi imerudi mikononi mwa seremala. Kwani behewa la mti huuawa na maji kabla halijauawa na umri: turubai la paa likipasuka rangi yake, mvua hupenya, ikashuka ndani ya nguzo hadi kwenye boriti ya chini, ikaozesha ulimi ndani ya tundu lake, na ubao wa nje ungali unang'aa kwa vanishi kana kwamba hapana lililoharibika. Kwa hiyo fundi mwenye maarifa haanzi kwa kupaka rangi. Huanza paani, akazuia maji. Kisha hugonga kila nguzo akasikiliza sauti yake. Huutia namba kila ubao kabla ya kuung'oa, ili urudi pale pale ulipotoka. Hukata palipooza tu, akaunga mti wa jinsi ile ile, nyuzi zikifuata nyuzi. Mwenye pupa hutupa nguzo nzima kwa ajili ya shubiri moja ya uozo, na akifanya hivyo kwa nguzo zote atakuwa amejenga behewa jipya na kulivika jina la marehemu. Na mlango wa kuteleza, akija mtu kushauri upigiliwe misumari, asisikilizwe: na uteleze kama ulivyoteleza Kima, kwa kuwa mlango huo ndio ushahidi wa mikono iliyouchonga.

Nami nina ombi moja kwa kila fundi atakayepewa amana ya kufungua mbao za behewa la kale, namba 12 au jingine lolote. Kabla ya kuurudisha ubao mahali pake, aandike kwa penseli, upande wa ndani usioonekana, jina lake, jina la aliyemfundisha, na mwaka. Waliotangulia hawakuandikiwa na mtu. Basi na wajiandikie wenyewe.