Nani Alimleta Mteja?

Mwaka 2000 ofisi ya hataza ya Marekani ilitoa hataza mbili kwa wazo ambalo, ukilitazama kwa mbali, ni lile lile. Ya kwanza, namba 6,029,141, ilitoka Februari 22 kwa Amazon, na kati ya wavumbuzi waliotajwa alikuwamo Jeff Bezos mwenyewe. Ya pili, namba 6,141,666, ilitoka Oktoba 31 kwa William J. Tobin, mfanyabiashara wa maua. Zote zilieleza namna duka la mtandaoni linavyoweza kumlipa mtu wa nje aliyeliletea mnunuzi. Tobin alikuwa amepeleka maombi yake Januari 1996. Amazon walipeleka ya kwao Juni 1997, karibu mwaka mmoja na nusu baadaye, lakini wao ndio waliojibiwa mapema. Na wakati hao wote wakisubiri mihuri, duka la muziki la CDNow lilikuwa likilipa kamisheni za namna hiyo tangu mwaka 1994.

Kwa hiyo biashara ya viungo vya kamisheni ilizaliwa na ugomvi wake mkononi. Leo ukitazama video ya mtu anayepima simu mpya, ukashuka chini ukakuta orodha ya viungo vya kununulia, au ukaambiwa na dada wa vipodozi kwamba linki ipo kwenye bio, umeingia kwenye mfumo ambao kwa zaidi ya miaka thelathini umekuwa ukibishania jambo moja: nani hasa alimleta mteja huyu, na nani alipwe?

Tobin alianza kuuza maua kwa kompyuta mwaka 1989, kabla tovuti ya kwanza duniani haijafunguliwa. Duka lake, PC Flowers & Gifts, lilikuwa ndani ya Prodigy, huduma ya kulipia iliyomilikiwa na IBM pamoja na Sears. Mteja alichagua shada kwenye skrini, na Prodigy wakachukua asilimia yao katika kila shada lililouzwa. Kufikia 1993 mauzo yalivuka dola milioni 6 kwa mwaka. Intaneti ilipofunguka kwa biashara Tobin akahamia huko, na mwaka 1995 alikuwa na washirika 2,600 waliokuwa wakimpelekea wateja kutoka kurasa zao.

CDNow nayo ilianzishwa na mapacha, Jason na Matthew Olim, nyumbani kwa wazazi wao Pennsylvania. Kampuni ya muziki ya Geffen ilitaka mashabiki waliotembelea tovuti yake waweze kununua santuri za wasanii wake, ila haikutaka shughuli ya kufunga vifurushi na kuvipeleka posta. Ikaweka kiungo, shabiki akibofya alitua CDNow, akanunua, na Geffen ikapata fungu lake. Mpango huo uliitwa BuyWeb. Uhai wa CDNow wenyewe haukuwa mrefu: mwaka 2000 ilinunuliwa na Bertelsmann ya Ujerumani, na mwishoni mwa 2002 uendeshaji wa tovuti yake ulikabidhiwa Amazon.

Amazon walianzisha mpango wao wa Associates Julai 1996, mwaka mmoja tu baada ya kufungua duka la vitabu. Inasimuliwa kwamba Bezos alikuwa kwenye tafrija, akazungumza na mama mmoja aliyetaka kuuza vitabu vya masuala ya talaka kupitia tovuti yake. Hadithi za waanzilishi wa makampuni huwa zimepigwa pasi vizuri mno, nami siipi hii uzito mkubwa. Lenye uzito ni kwamba Geffen ilikuwa kampuni kubwa iliyoongea na duka kama wakubwa wanavyoongea, ilhali Amazon waliufungua mlango kwa yeyote mwenye ukurasa. Mpenzi wa ndege, mwalimu wa hesabu, mtu anayeandika juu ya kufuma sweta: kila mmoja aliweza kuwa na kaduka ka vitabu bila kuwa na kitabu hata kimoja.

Mtu wa Kariakoo hahitaji maelezo marefu hapa. Winga anakukamata Mtaa wa Kongo, anakuuliza unatafuta nini, anakupeleka duka ambalo si lake, na pesa yake inatokana na kukufikisha. Tofauti kubwa ni mahali pesa hiyo inapotoka. Winga mara nyingi anakuwekea cha juu: shati la elfu kumi na tano unalilipia elfu ishirini. Kwenye kiungo cha kamisheni bei ni ile ile, uwe umepita kwa mtu au umeingia mwenyewe. Duka ndilo linalomega faida yake. Tofauti ya pili ni kwamba mawinga wawili wakigombea mteja mmoja, mwenye duka amesimama pale na macho yake mawili. Seva haina macho.

Na kweli, tovuti za mwanzo hazikuwa na kumbukumbu yoyote. Kila ukurasa uliofungua, seva ilikuona mgeni mpya. Mwaka 1994 Lou Montulli, kijana wa kampuni ya Netscape, alibuni kidakuzi: faili dogo la maandishi ambalo seva inakiachia kivinjari chako ili ukirudi ikutambue. Hakikubuniwa kwa ajili ya kamisheni. Kampuni ya simu ya MCI ilikuwa ikitaka kuuza mtandaoni bila seva zake kulazimika kutunza habari za manunuzi ambayo bado hayajakamilika, na kidakuzi kikawa jibu. Lakini kitu kinachoweza kukumbuka kikapu kinaweza pia kumkumbuka aliyekutuma.

Ukitazama mwisho wa kiungo cha mshirika wa Amazon ya Marekani utakuta neno tag, alama ya sawasawa, kisha jina la utambulisho la mshirika linalomalizikia na -20. Hiyo ndiyo sahihi yake. Ukibofya, duka linaandika kwamba umeletwa naye, na saa inaanza kuhesabu: Amazon wanampa saa 24. Ukinunua ndani ya muda huo analipwa, hata kama hukununua kile alichokuonyesha. Amekuelekeza kwenye kitabu, wewe ukaondoka na mashine ya kufulia. Kamisheni ya mashine ni yake. Ulichotia kikapuni ndani ya saa hizo bila kukilipia huendelea kuhesabiwa kwake kwa takribani miezi mitatu. Malipo yenyewe ni madogo. Vitabu vya karatasi vinalipiwa asilimia 4.5, kwa hiyo kitabu cha dola 20 kinamwachia senti 90. Anayeishi kwa kazi hii anaishi kwa wingi wa watu.

Maduka yasiyotaka kuhesabu yenyewe yaliwapa kazi hiyo madalali wa kati. LinkShare ilianza 1996, Commission Junction 1998. Kwao mbofyo wako hauendi dukani moja kwa moja. Unapita kwanza kwenye seva ya dalali, unaandikwa, kisha unasukumwa mbele, yote hayo kwa kufumba na kufumbua. Mwaka 2005 Rakuten ya Japani ilinunua LinkShare kwa dola milioni 425, bei inayoonyesha jinsi daftari la nani-alimleta-nani lilivyokwisha kuwa mali.

Ndani ya daftari hilo kuna kanuni moja iliyotawala: aliyebofywa mwisho ndiye mwenye mteja. Umetazama video ya dakika arobaini ya fundi aliyepima majokofu sita, ukabofya kiungo chake, ukalala ukilitafakari, kesho ukapita kwenye tovuti ya kuponi kutafuta punguzo. Fundi hapati kitu. Wa kuponi anapata chote. Kanuni hii haikuchaguliwa kwa sababu ni ya haki. Ilichaguliwa kwa sababu ni nyepesi kuhesabu, na karibu kila fedheha iliyofuata imepitia mlango huo.

Wa kwanza kuupita walikuwa wajanja wa kupachika vidakuzi kimyakimya. Unafungua ukurasa wa kawaida, na ndani yake mna picha isiyoonekana inayoita duka kupitia kiungo cha mshirika. Hujabofya kitu, hujaona kitu, ila kivinjari chako tayari kinabeba alama kwamba umeletwa. Siku ukinunua kwa hiari yako, kamisheni inamwendea mtu ambaye hata hukuwahi kumsikia. eBay waliwafungulia kesi baadhi ya washirika wao wakubwa mwaka 2008, baada ya kuwalipa mamilioni ya dola. Suala likawa la jinai, na mwaka 2014 wawili walihukumiwa kifungo na mahakama ya shirikisho huko California, mmoja miezi mitano na mwingine miezi 15.

Mwaka huo huo wa 2008 swali likaingia kwenye kodi, kwa mlango ambao hakuna aliyeutarajia. Wakati huo duka la Marekani lisilokuwa na ofisi wala ghala katika jimbo halikulazimika kukusanya kodi ya mauzo ya jimbo hilo. New York ikasema: kama una washirika wanaokaa hapa na wanakuletea wateja kwa kamisheni, basi hao ni mawakala wako, na wewe upo hapa. Amazon wakaenda mahakamani, wakashindwa. Majimbo mengine yakaiga, na huko Amazon wakachukua njia fupi zaidi: mwaka 2009 walifuta washirika wote wa North Carolina na Rhode Island, na 2011 wakafuta wa California hadi walipopatana na serikali ya jimbo. Mtu aliyekuwa akilipa karo kwa viungo vya vitabu aliamka akakuta hana kazi, kisa anakaa jimbo fulani.

Kwa upande wa mnunuzi, tatizo lilikuwa jingine. Anayekusifia birika ana fungu lake birika likiuzwa, wewe hujui. Tume ya Biashara ya Marekani ilirekebisha mwongozo wake mwaka 2009 na kutaka wanaopewa malipo au zawadi waseme wazi. Ndiyo asili ya yale maneno madogo yanayosema kwamba mwandishi anaweza kupata kamisheni ukinunua. Wengi huyaruka. Mimi huyasoma, kisha natafuta jambo moja: je, huyu amewahi kusema kitu ni kibaya? Wirecutter, tovuti iliyoanzishwa na Brian Lam mwaka 2011, ilijengwa kwa kupima vitu kwa muda mrefu na kuvikataa vingi, nayo mapato yake yalikuwa kamisheni. Mwaka 2016 gazeti la New York Times liliinunua pamoja na tovuti dada yake kwa takribani dola milioni 30. Kamisheni peke yake haimfanyi mtu kuwa mwongo.

Inamfanya mtegemezi, na hilo lilionekana Aprili 2020. Watu wamefungiwa ndani na korona, wananunua mtandaoni kuliko wakati wowote, na katikati ya hayo Amazon wakakata viwango: samani na vifaa vya ujenzi kutoka asilimia 8 hadi 3, vyakula kutoka 5 hadi 1. Taarifa ilitoka wiki moja tu kabla. Hapakuwa na wa kumlalamikia, maana mkataba ulikuwa umeandikwa na upande mmoja.

Desemba 2024 ugomvi wa mbofyo wa mwisho ukarudi kwa sura mpya. Honey ni kiendelezi cha kivinjari kinachotafuta kuponi wakati wa kulipa; PayPal walikinunua kwa takribani dola bilioni 4. Mtengeneza video wa YouTube anayejiita MegaLag alidai kwamba dakika ile ya kulipia, mnunuzi anapobofya kidirisha cha Honey, alama ya aliyemleta inafutwa na ya Honey inawekwa, hata pale ambapo hakuna punguzo lililopatikana. Kilichowauma watengeneza maudhui zaidi ni kwamba wengi wao walikuwa wamelipwa kuitangaza Honey kwa watazamaji wao. Kesi zikafunguliwa. PayPal walijitetea kwamba wanafuata kanuni za sekta, ikiwamo ya mbofyo wa mwisho, na hapo ndipo penye kiini. Machi 2025 Google walibana masharti ya viendelezi vya Chrome: kamisheni isidaiwe pasipo manufaa kwa mtumiaji.

Kwetu Afrika Mashariki vidakuzi haviendi mbali, kwa sababu biashara nyingi haiishii kwenye tovuti. Mteja anaona gauni Instagram, anahamia WhatsApp, anapatana bei, anatuma pesa kwa simu. Hakuna seva iliyoona njia yote hiyo. Ndiyo maana hapa umaarufu mkubwa ni wa jina la punguzo: mteja anataja neno alilopewa na mtangazaji, muuzaji anaandika. Jumia walileta mpango wa washirika, lakini Tanzania walifunga shughuli Novemba 2019. Aliyeuona mfumo huu mapema kuliko wengi ni mtoza kodi. Sheria ya Fedha ya Kenya ya mwaka 2023, ilipoweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya kidijitali ya wakazi, iliitaja kamisheni ya viungo waziwazi. Tanzania nayo ikaweka asilimia 5 kwa watengeneza maudhui mwaka 2024.

Kiungo cha kamisheni kinachosambaa sana kwenye simu za vijana wetu, hata hivyo, hakiuzi gauni wala kitabu. Ni kile cha kujisajili kwenye kampuni ya kubeti, kinachobandikwa juu ya mkeka wa leo kwenye kundi la Telegram. Baadhi ya mikataba hiyo humlipa mleta mteja kiasi cha mara moja kwa kila anayejisajili na kuweka pesa. Mingine inamlipa kwa mgawo wa mapato, na mapato ya kampuni ya kubeti ni kile walichopoteza wachezaji. Anayekupa mkeka kwa mkataba wa namna hiyo analipwa mkeka ukichanika, mwezi baada ya mwezi, kwa muda wote akaunti yako itakapoendelea kuandikwa jina lake.