Dawa Iliyogeuka Maradhi: Historia Fupi ya Tiba ya Chunusi

Neno "dawa" lina maana pana: hutaja kinachoponya, na pia sumu ya kuulia panya. Upana huo wafaa kukumbukwa tunapochunguza historia ya tiba ya chunusi zenye vivimbe, zichimbukazo ndani ya ngozi na kuacha makovu.

Mnamo 1952 Sulzberger na Witten, huko Marekani, walieleza manufaa ya haidrokotisoni ikipakwa juu ya ngozi. Baadaye zilitengenezwa malhamu za jamii hiyo zenye nguvu zaidi, na watu wakazitumia pia kujichubua. Kumbe, zikipakwa muda mrefu, malhamu hizo huzusha chunusi zenyewe. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye homoni, zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998.

Tiba thabiti ilipatikana kwingine. Mwaka 1979 Peck na wenzake waliwatibu wagonjwa 14 kwa isotretinoini. 13 walipona kabisa. Marekani iliiidhinisha mwaka 1982. Hata hivyo, dawa hiyo hulemaza mimba, hivyo haitolewi bila uangalizi wa daktari.

Kwa kijana wa Masisi au Walikale, njia ya kwenda Goma hupitia Sake, nayo vita vimeifunga mara kwa mara. Malhamu ya sokoni i karibu zaidi kuliko daktari. Hapana budi, basi, kinga ianze na lugha: asiulize tu kama ni dawa, bali aulize imetengenezwa kwa nini, na vivimbe asivitumbue.