Ustadi wa kuwahudumia watu wenye ulemavu wa ukuaji
Ni ujuzi wa kuwasaidia wenye usonji, mtindio wa ubongo au ulemavu wa akili wajitegemee kadiri wawezavyo. Nchini Kenya walimu huusomea katika Taasisi ya Elimu Maalumu (KISE), Nairobi, iliyoanzishwa 1986. Cheti pekee hakitoshi. Huko Nyamache, kaunti ya Kisii, mhudumu anayejua Ekegusii huelewana na mtoto na nyanya yake bila mkalimani. Kuvaa shati hugawanywa katika hatua ndogo: mkono mmoja, wa pili, kisha vifungo; kila hatua hurudiwa hadi izoeleke. Asiyesema huonyeshwa picha, kisha husubiriwa ajibu. Kusubiri huko ndiko kugumu kuliko yote. Anayemeza kwa shida hulishwa ameketi wima, kijiko kidogo kidogo.