Chumba cha Hawthorne: Jaribio na Kisa Chake

Katika vitabu vya elimu ya uendeshaji wa kazi hapana kisa kisimuliwacho mara nyingi kuliko kile cha kiwanda cha Hawthorne. Kwa kifupi husemwa hivi: wataalamu walitaka kujua kama mwanga ukizidishwa wafanyakazi watafanya kazi zaidi, wakauzidisha, kazi ikaongezeka, wakaupunguza, kazi ikaongezeka vile vile, ndipo wakatambua kwamba si mwanga ulioongeza kazi, bali furaha ya watu kujiona wanaangaliwa na kujaliwa. Kisa hiki ni kizuri, tena chakumbukika upesi, na walimu wengi wamekifundisha kama jambo lisilo na shaka. Walakini daftari za kiwanda chenyewe, zilipokuja kufunguliwa tena na watu wengine, hazikutoa ushahidi huo. Zaeleza habari ya ujira, ya hofu ya kukosa kazi, na ya wanawake wawili walioondolewa chumbani kwa sababu ya mazungumzo yao.

Kiwanda cha Hawthorne kilikuwa katika mji wa Cicero, uliopakana na Chicago upande wa magharibi, katika jimbo la Illinois, Marekani. Kilikuwa mali ya kampuni ya Western Electric, iliyotengeneza simu na vyombo vyake kwa ajili ya AT&T, kampuni kubwa ya simu ya nchi ile. Mwaka 1929 kiliajiri watu zaidi ya 40,000, na wengi wao walikuwa wahamiaji au watoto wa wahamiaji waliotoka Poland, Bohemia na Italia. Kilikuwa na hospitali yake, masomo ya jioni, michezo na akiba ya uzeeni. Ukarimu huo haukuwa sadaka tupu, kwa maana kampuni ilitaka wafanyakazi wake wasivutwe na vyama vya wafanyakazi. Wala haukuwa na bahati siku zote: tarehe 24 Julai 1915 meli Eastland, iliyokodiwa ili kuwapeleka wafanyakazi hao na jamaa zao matembezini, ilipinduka katika mto wa Chicago ikiwa bado imefungwa gatini, wakafa watu 844. Ni katika kiwanda cha namna hii, kilichozoea kuwatunza watu na kuwahesabu, ndipo majaribio yalipoanzishwa.

Jaribio la kwanza lilianza mwaka 1924 chini ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani. Makampuni ya umeme yalikuwa na haja yao katika jambo hilo, maana kama ingethibitika kwamba mwanga mwingi waleta kazi nyingi, wenye viwanda wote wangenunua taa zaidi. Hadi mwaka 1927 mwanga ulipandishwa na kushushwa katika idara mbalimbali, wala haikupatikana kanuni yoyote ya kuaminika. Mara moja wanawake wawili walipunguziwa mwanga hata ukakaribia ule wa mbalamwezi, nao wakaendelea na kazi yao. Baraza likajitoa. Hapo wakuu wa kiwanda wenyewe wakaamua kuendelea kwa njia nyingine, yaani kuwatenga watu wachache katika chumba chao peke yao na kuwachunguza kwa muda mrefu.

Jaribio la chumba hicho lilianza mwezi wa Aprili 1927. Waliingizwa wanawake vijana watano wa kuunganisha rilei, pamoja na wa sita aliyewapangia vipande. Rilei ni chombo kidogo cha simu kifungacho na kufunguacho njia ya umeme. Kila kimoja kilikuwa na vipande 35 hivi, na fundi mzoefu alikiunganisha kwa muda wa dakika moja au karibu yake. Kila rilei iliyokamilika ilitumbukizwa katika tundu, na mashine ikatoboa alama juu ya utepe wa karatasi. Kwa hiyo hakuna dakika ya kazi yao isiyoandikwa. Penye meza alikaa mtu wa kiwanda aliyeandika pia hali ya hewa, maneno yaliyosemwa na ugomvi uliotokea. Madaktari waliwapima kila baada ya majuma machache, jambo ambalo mwanzoni hawakulipenda.

Kabla ya kuhamishwa, kazi yao ilihesabiwa kwa majuma mawili wakiwa bado idarani, pasipo wenyewe kujua. Kisha mabadiliko yakafuatana. Walipewa mapumziko mawili ya dakika tano, baadaye ya dakika kumi, yakajaribiwa mapumziko sita mafupi, ambayo hayakuwapendeza kwa kuwa yalikatiza mwendo wa mikono, wakaletewa chakula kidogo asubuhi, wakaruhusiwa kutoka nusu saa mapema, halafu saa nzima, wakaachiwa Jumamosi. Katika kipindi cha kumi na mbili, mwishoni mwa mwaka 1928, waliondolewa yote haya kwa majuma kumi na mawili na kurudishwa katika saa 48 za kazi kwa juma, bila mapumziko wala chakula. Jumla ya rilei kwa juma haikushuka, bali ilipanda kuliko zamani zote. Hapo ndipo kisa kilipopata nguvu zake, maana kama kazi yapanda hata watu wanaponyang'anywa raha zao, basi lazima chanzo kiwe ndani ya nyoyo. Neno moja lakini halikutiliwa mkazo: saa za kazi katika kipindi hicho zilikuwa nyingi kuliko za vipindi vilivyotangulia, na hesabu ya kila saa moja ilishuka. Jumla ilikua kwa sababu siku ilirefushwa.

Tena kulikuwa na mambo mawili makubwa zaidi. La kwanza ni ujira. Idarani walikotoka, malipo yalihesabiwa kwa jumla ya kazi ya watu zaidi ya mia, hata bidii ya mtu mmoja ikapotea kama tone la maji katika mtungi. Chumbani malipo yalihesabiwa kwa kundi lao dogo tu. Aliyeongeza mwendo aliona faida yake mfukoni, na aliyezembea aliwapunguzia wenzake waliokaa naye meza moja. Badiliko hili lilifanywa mapema, kabla ya mapumziko ya kwanza. La pili ni kwamba mwezi wa Januari 1928 wawili kati ya watano wa kwanza waliondolewa. Walikuwa wameonywa mara kadhaa kwa kuzungumza mno, na wakuu waliwaona hawana moyo wa kushirikiana. Waliingizwa wengine wawili wenye mikono myepesi. Mmoja wa hao wageni alikuwa amefiwa na mamaye, na jamaa yake walitegemea mshahara wake. Alikuwa mwepesi kuliko wote, akawahimiza wenzake hata akawa kama kiongozi wao. Kazi ya kundi ilipanda tangu alipoingia. Mtu asiyefungwa na kisa chochote angeanza kutafuta sababu hapa.

Wachunguzi wenyewe hawakukosa kulishuku jambo la ujira. Waliunda kundi la pili la rilei lililobadilishiwa malipo tu, na kazi yake ikapanda upesi kwa zaidi ya sehemu kumi katika mia. Waliunda pia chumba cha wapasua mika, ambamo mapumziko yalibadilishwa na malipo yakaachwa yalivyo. Huko nako kazi ilipanda kwa kiasi kisha ikashuka. Kutokana na haya waliona kwamba fedha peke yake haitoshi kueleza yote ya chumba cha kwanza, na hilo laweza kukubalika. Lakini kutoka hapo wakaruka hadi kuiweka fedha pembeni, na mruko huo hesabu zao hazikuubeba.

Aliyeupa mruko huo lugha yake ni Elton Mayo. Alizaliwa Adelaide, Australia, mwaka 1880, akafundisha katika chuo cha biashara cha Harvard tangu 1926, akafika Hawthorne kwa mara ya kwanza mwaka 1928, jaribio likiwa limekwisha kutimiza mwaka. Alikuwa msemaji hodari, mwenye imani tangu zamani kwamba manung'uniko ya wafanyakazi hutokana zaidi na fadhaa ya nafsi kuliko na hali ya kazi yenyewe. Katika chumba kile aliona imani yake imetimia. Kiwanda nacho kilianzisha mpango mkubwa wa kuwahoji wafanyakazi, na hadi mwaka 1930 watu zaidi ya 20,000 walikuwa wamesikilizwa. Walieleza habari za joto, vumbi, makabati ya nguo, malipo yasiyoeleweka na wakubwa wakali. Baadhi ya wahoji wakafundishwa kuyatazama malalamiko hayo kama dalili ya jambo jingine lililofichika. Kweli, mtu aweza kulalamikia joto kwa kuwa ana huzuni ya nyumbani. Lakini yawezekana pia kwamba chumba kina joto.

Jaribio la mwisho ndilo lililo bora kwa uaminifu wake, ingawa halikupata sifa kama lile la kwanza. Kati ya Novemba 1931 na Mei 1932 wanaume 14 waliounganisha nyaya walitazamwa tu, bila kubadilishiwa neno. Shauri la kutazama namna hii lilitokana na W. Lloyd Warner, mtaalamu wa mila aliyekuwa amekaa na wenyeji wa kaskazini ya Australia. Ilionekana kwamba watu hawa walikuwa na kiasi chao cha kazi ya kutwa, walichokiweka wenyewe. Aliyekipita alidhihakiwa, na pengine alipigwa ngumi ya begani. Aliyepungukiwa alidharauliwa pia. Na aliyechongea kwa wakubwa alionekana mtu mbaya kuliko wote. Hawa walitazamwa kwa miezi mingi, na kutazamwa hakukuzidisha kazi yao. Waliogopa kwamba wakizidisha, bei ya kazi itapunguzwa au baadhi yao wataachishwa. Na nje ya mlango wao dhiki kuu iliyoanza mwishoni mwa 1929 ilikuwa ikiwapunguza wafanyakazi wa Hawthorne kutoka makumi ya maelfu hata wakawa chini ya 10,000.

Mayo alitoa kitabu chake mwaka 1933, F. J. Roethlisberger na William Dickson wakatoa kile kinene, Management and the Worker, mwaka 1939. Ikumbukwe kwa haki kwamba kitabu hiki cha pili kimeyaandika mengi yanayopinga hitimisho lake chenyewe, na wakosoaji wa baadaye wametoa silaha zao humo humo. Wasimuliaji ndio walioyaacha. Jina ambalo kwa Kiswahili laweza kuitwa «athari ya Hawthorne» lilikuja baadaye, katika miaka ya 1950, likazagaa hata katika elimu ya tiba na ya malezi.

Hapa wataalamu wa lugha waweza kusimama kidogo. Athari, katika matumizi ya zamani, ilikuwa alama au dosari iliyobakia juu ya kitu, na maana hiyo yalifaa jambo hili kuliko neno la Kiingereza. Zaidi ya hayo, Kiswahili chatofautisha kumtazama mtu na kumsimamia. Asimamiaye kazi husimama juu yake akiwa na amri, na historia ya neno nyapara, tangu misafara ya wapagazi hata makundi ya vibarua, yaonyesha jinsi amri hiyo ilivyojulikana. Kisa cha Hawthorne chadai kwamba penye meza palikuwa na mtazamaji tu, na kwamba macho yake ya upole yalitosha. Lakini mtu ambaye kwa neno lake wawili waweza kuondolewa si mtazamaji katika maana yoyote ya neno hilo. Mfasiri atakapoandika kwamba wafanyakazi wale walizidisha bidii kwa kuwa «walitazamwa», atakuwa amechukua upande katika mashindano ya wanavyuoni bila kujua.

Mashindano hayo ni marefu. Mwaka 1967 Alex Carey, wa Australia pia, aliyapitia maandishi yale na kuonyesha kwamba ushahidi wake waunga mkono zaidi nguvu ya fedha na ya nidhamu kuliko ya urafiki. Mwaka 1978 Richard Franke na James Kaul walizipiga hesabu za chumba cha kwanza kwa njia za takwimu, wakaona kwamba sehemu kubwa ya kupanda na kushuka kwa kazi yaelezwa na kuondolewa kwa wale wawili, na dhiki ya uchumi, na muda wa mapumziko. Richard Gillespie, katika kitabu chake cha 1991, alifuata barua na daftari akaonyesha jinsi wachunguzi walivyokuwa hawapatani wao kwa wao kabla ya kisa kimoja kushinda. Mwaka 1992 Stephen Jones aliutafuta mwongezeko utokanao na jaribio lenyewe, asipate ila dalili hafifu sana. Kisha Steven Levitt na John List walizipata hesabu za majaribio ya mwanga, zilizodhaniwa zimepotea, katika maktaba za Milwaukee na Boston. Walitoa makala yao mwaka 2011. Taa zilikuwa zikibadilishwa siku ya Jumapili, kiwanda kikiwa kimefungwa, na Jumatatu kazi ilipanda. Lakini Jumatatu kazi ilipanda pia katika majuma ambayo taa hazikuguswa.

Wote hao hawakubaliani katika kila jambo. Wako wanaoona kwamba mapumziko yalikuwa na nguvu kuliko fedha, na wako wanaosema kwamba watu watano ni wachache mno kuwabebesha kanuni ya wanadamu wote. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1983. Katika karatasi zilizosalia yamo pia majibu ya wanawake wa chumba kile, walipoulizwa kwa nini wafanya kazi zaidi huku kuliko idarani. Walisema kwamba kundi ni dogo, kwamba wana uhuru wa kuzungumza, kwamba hakuna mkubwa wa kuwakemea kila mara, na kwamba wapata fedha zaidi.