Shaaban Robert na Marehemu wa Zama Zake

Historia ya Tanganyika katika miaka ya utawala wa Waingereza imejengwa, kwa sehemu kubwa, juu ya taarifa za mabwana shauri, hesabu za kodi na barua za serikali. Katika makaratasi hayo Mwafrika huonekana kama mlipa kodi, mpagazi, askari au mshtakiwa. Ni nadra kuonekana akimlilia mkewe, akistaajabia sauti ya mwimbaji, au akitoa rai yake juu ya vita vilivyowaka mbali na kwao. Atakaye kuyajua hayo hana budi kuwaendea watu wa kalamu, na miongoni mwao wa kwanza kubishiwa hodi ni Shaaban Robert, aliyezaliwa Machui karibu na Tanga mwaka 1909 akafariki mwezi wa Juni mwaka 1962, nusu mwaka tu baada ya nchi yake kupata uhuru.

Shaaban alikuwa karani. Aliingia kazi ya forodha huko Pangani mwaka 1926, na kwa miaka mingi alikula mshahara wa serikali ile ile ambayo baadhi ya mambo yake yalimchoma moyo. Hali hiyo ya kuwa ndani na nje kwa wakati mmoja ndiyo inayoyapa maandishi yake thamani mbele ya mwanahistoria, na ndiyo inayoyatia mashaka vilevile.

Katika Maisha Yangu, kitabu kilichotoka mwaka 1949, amemtaja mkewe Amina, aliyefariki angali kijana, na kumwandikia shairi la maombolezo. Kumlilia maiti kwa shairi si jambo geni pwani. Lakini aghalabu waliostahili heshima hiyo walikuwa masharifu, masheha na majumbe. Hapa aliyeliliwa ni mke wa karani, mbele ya wasomaji wa nchi nzima, pasipo haya. Ndani ya kitabu hicho hicho mna tenzi mbili za wosia kwa watoto, Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili, na msomaji akizisoma baada ya maombolezo yale huona kwa nini baba alifanya haraka kuyaandika yale ambayo wengine huyasema kwa kinywa.

Vita Kuu ya pili aliifuata kwa utenzi wa beti nyingi mno, nao ulipigwa chapa mwaka 1967 kwa jina la Utenzi wa Vita vya Uhuru. Askari wa Afrika Mashariki walipigana Uhabeshi mwaka 1941, Bukini mwaka 1942, kisha Burma. Kwa hiyo habari hizo hazikuwa za kigeni majumbani. Walakini Shaaban ameshika upande wa Waingereza na wenzao, na uhuru anaousifu ni uhuru wa mataifa dhidi ya Hitler na Mussolini. Kitabu kilipowafikia wasomaji, neno lile lilikuwa limekwisha kupata maana nyingine Tanganyika. Mtu asifanye haraka kumlaumu: habari zilizomfikia karani wa Pangani zilipita kwanza mikononi mwa serikali.

Lililo kubwa zaidi kwa historia ni Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo wa wafinyanzi. Alichuuza vyungu kabla ya kuhamia mjini na kuwa mwimbaji. Mwaka 1928 alisafiri pamoja na wenzake hadi Bombay, wakatiwa sauti zao katika santuri za Kiswahili zilizosikika pwani yote. Shaaban alionana naye akiwa mzee, naye Siti akafariki mwaka 1950. Lau mkutano huo usingalikuwako, mengi yangalizikwa pamoja naye. Hata hivyo wasifu una upungufu. Mwandishi amemvika Siti vazi la mwalimu wa maadili, hata mwimbaji aliyeimba mambo ya mitaani na madhila ya wanyonge karibu atoweke. Na wenzake wa ala, bila ya hao santuri zisingalikuwako, wamepewa nafasi finyu kuliko stahili yao. Basi santuri zasikilizwe kando ya kitabu, maana kila kimoja kina lake lililofichwa na kingine.

Filamu zilikuja kwa njia nyingine kabisa. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Wazungu walitengeneza filamu za kuwafunza Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba. Waafrika walionekana humo, ila shauri la nini kionyeshwe halikuwa lao. Mnamo mwaka 1952 ikatoka Muhogo Mchungu, filamu ya Kiswahili ambayo mchezaji wake mkuu alikuwa kijana Rashidi Kawawa. Na Shaaban alipofariki, kijana huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Tofauti na picha zile, vitabu vya Shaaban vilianzia kwa mtu mmoja mwenye karatasi yake, aliyejichagulia mwenyewe nani wa kukumbukwa.

Nafsi yake pia hakuiacha kwa wengine. Alipovuka umri wa nusu karne aliandika Baada ya Miaka Hamsini, sehemu ya pili ya maisha yake. Sehemu zote mbili zilitolewa katika kitabu kimoja mwaka 1966, na wasomaji waliokifungua walimkuta mwandishi akiusimulia utu uzima wake, ilhali alikuwa amekwisha kuwa kaburini miaka minne.