Nakivale na Mbarara: Mambo ya kujua kwa mgeni na kwa anayetaka kuhamia

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yapo wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, mwendo wa takriban kilomita 60 kutoka jiji la Mbarara na si mbali na mpaka wa Tanzania. Yalianzishwa mwaka 1958 na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo yanahifadhi watu zaidi ya 150,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengineo.

Wanaofika huko si wakimbizi wapya peke yao. Wapo wanaotoka Kampala, Nairobi au Goma kuwaona ndugu zao wakati wa sikukuu. Wapo waliohamishiwa Ulaya na Marekani miaka iliyopita, ambao sasa wanarudi likizo kuwasalimia wazazi. Wapo pia wanaofika wakiwa na fedha mkononi, wakitafuta shamba la kununua au chumba cha biashara. Kila kundi lina taratibu zake, na anayezichanganya anaweza kupoteza fedha zake zote.

Kufika

Kutoka Kampala hadi Mbarara ni kilomita zipatazo 270 kwa barabara ya lami inayopitia Masaka. Basi huchukua saa nne hadi tano hali ya barabara inapokuwa nzuri. Kutoka Mbarara, msafiri hufuata barabara ya Isingiro, ile inayoendelea hadi mpaka wa Kikagati, kisha huiacha na kuingia Nakivale. Usafiri wa kawaida ni teksi, jina ambalo raia wa Uganda hulitumia kwa basi dogo ambalo Mkenya huliita matatu na Mtanzania daladala. Ndani ya makazi watu husafiri kwa bodaboda, kwa kuwa vijiji vimetawanyika katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 180.

Inafaa kutoka Mbarara asubuhi. Barabara nyingi za ndani ni za udongo, na katika misimu ya mvua, kuanzia Machi hadi Mei na kuanzia Septemba hadi Novemba, huteleza na kuchelewesha safari. Nauli ya bodaboda ipatanwe kabla ya kupanda. Anayekwenda kwa ndugu aulize mapema jina la kijiji na la kanda, kwa sababu kusema tu kwamba anakwenda Nakivale hakumsaidii dereva. Mtu anaweza kuwa Base Camp, Rubondo au Juru, na umbali kati ya sehemu hizo si mdogo.

Hati za kuingia Uganda

Raia wa Kenya na Rwanda wanaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Raia wa Tanzania anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Anayetoka Ulaya au Amerika Kaskazini kwa pasipoti ya huko huomba viza kwa njia ya mtandao kabla ya kuondoka, na ada ya viza ya kawaida ya kuingia mara moja ni dola 50 za Marekani. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinahitajika mpakani na katika uwanja wa ndege wa Entebbe.

Mkimbizi aliyesajiliwa ambaye anataka kutoka Nakivale kwenda mbali huomba kibali cha kusafiri katika ofisi ya kamanda wa makazi. Ofisi hiyo iko Base Camp, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo hujulikana kwa kifupi kama OPM. Kutembea bila kibali wala kitambulisho cha mkimbizi humweka mtu katika hali ngumu anaposimamishwa na polisi njiani.

Taratibu za mgeni ndani ya makazi

Nakivale haina ukuta wala lango moja la kuingilia. Wenyeji na wakimbizi hupita barabara zilezile na hununua katika masoko yaleyale. Hata hivyo, makazi yana utawala wake. Kila kijiji kina mwenyekiti wa baraza la ustawi wa wakimbizi, RWC 1, ambaye ndiye wa kwanza kufahamishwa mgeni anapokuja kulala. Mwenyeji wake ndiye anayempeleka. Dakika chache za kujitambulisha jioni ya kwanza humwondolea mgeni maswali mengi baadaye.

Anayekuja kwa kazi, iwe ni utafiti, uandishi wa habari au mradi wa hisani, anahitaji idhini ya maandishi kutoka OPM kabla ya kuanza. Kupiga picha ofisi, vituo vya polisi na foleni za mgao bila ruhusa ni jambo la kuepukwa. Picha za watu pia zahitaji ridhaa yao, kwani baadhi yao walikimbia watu ambao bado wanawatafuta.

Lugha haitakuwa kikwazo kwa msikilizaji wa Kiswahili. Katika kijiji cha New Congo na katika soko la Isangano, Kiswahili cha Kivu husikika tangu asubuhi hadi usiku, pamoja na Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na Kiamhari. Mjini Mbarara hali ni tofauti. Huko Kinyankole ndicho lugha ya nyumbani, na Kiingereza na Kiganda hutumika sana katika biashara. Kwa muda mrefu raia wengi wa Uganda walikihusisha Kiswahili na jeshi na polisi, ingawa Baraza la Mawaziri liliidhinisha mwaka 2022 kitumike kama lugha rasmi. Mgeni anayeanza kwa kusema "Agandi", salamu ya Kinyankole, na kuweza kujibu "Nimarungi", hupokewa kwa uso mkunjufu hata kama mazungumzo yataendelea kwa lugha nyingine.

Fedha, simu na afya

Malipo mengi hufanywa kwa fedha taslimu au kwa simu. Serikali hutoza kodi ya asilimia 0.5 kwa kila fedha inayotolewa kwa wakala, mbali na ada ya kampuni ya simu, na anayetumiwa fedha na ndugu walio ng'ambo aihesabu kodi hiyo. Laini ya simu husajiliwa kwa jina la mwenye kitambulisho. Kutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine ni hatari, kwa sababu fedha zilizomo kisheria ni za mwenye jina.

Malaria ipo mwaka mzima. Mgeni anayetoka nchi za baridi aonane na daktari kabla ya safari na alale ndani ya chandarua. Maji ya kunywa yachemshwe. Kuoga au kutembea bila viatu kwenye ukingo wa Ziwa Nakivale kunaweza kuleta kichocho. Vituo vya afya vya makazi huwahudumia wakimbizi na wenyeji kwa pamoja, na wagonjwa wanaohitaji matibabu makubwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Mbarara. Nambari ya dharura ya polisi ni 999.

Anayetaka kuhamia: swali la kwanza ni hadhi yake

Yeyote anayefikiria kuishi Nakivale au Mbarara ajiulize kwanza anaingia kwa hadhi gani, kwa sababu sheria inayomhusu hutegemea jibu hilo.

Anayekimbia vita au mateso hujisajili kama mwomba hifadhi. Wakongomani wanaovuka Bunagana kwa kawaida hupokelewa kwanza katika kituo cha Nyakabande, wilayani Kisoro, kabla ya kupelekwa katika makazi. Wanaotoka Kongo na Sudan Kusini kwa kawaida hutambuliwa kwa pamoja kama kundi. Wengine wengi huhojiwa mmoja mmoja, na maombi yao huamuliwa na kamati ya serikali, jambo linaloweza kuchukua muda mrefu. Usajili, mahojiano na maombi ya kuhamishiwa nchi ya tatu ni bure. Anayedai fedha ili "kusukuma faili" anavunja sheria, na anastahili kuripotiwa OPM, polisi au Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR.

Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki anayetafuta kazi au biashara, na si hifadhi, hufuata njia ya uhamiaji. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa nafasi ya kuingia, kufanya kazi na kuishi kwa vibali. Mtu wa namna hiyo hapaswi kujisajili kama mkimbizi ili kupata kiwanja. Alama za vidole huchukuliwa, na udanganyifu ukigunduliwa huharibu maombi yake ya baadaye.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kufungua biashara na kuishi nje ya makazi. Lakini anayehamia Mbarara hujitegemea, kwani misaada hubaki Nakivale. Misaada yenyewe imepungua. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kugawa chakula kulingana na kiwango cha uhitaji wa kila familia, na mwaka 2025 wakimbizi wengi nchini Uganda waliondolewa kabisa katika orodha. Anayepanga kuhamia asiweke mgao katika hesabu zake za mwezi.

Ardhi: mahali wengi wanapopoteza fedha

Mkimbizi anayepokelewa Nakivale huonyeshwa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima. Vipande hivyo vimekuwa vikipungua kadiri idadi ya watu inavyoongezeka. Kanuni za Wakimbizi za mwaka 2010 zinasema wazi kwamba mkimbizi ana haki ya kuitumia bure ardhi aliyogawiwa kwa kilimo au malisho, lakini hana haki ya kuiuza, kuikodisha wala kuihamisha kwa njia nyingine yoyote.

Hata hivyo, biashara hiyo ipo. Familia inapopata nafasi ya kwenda Marekani au Kanada, au inapoamua kurudi kwao, hutokea mtu anayetaka kuchukua nyumba na shamba lake. Karatasi huandikwa kwa mkono, mashahidi wawili hutia sahihi, fedha hutolewa. Karatasi hiyo haimpi mnunuzi chochote mbele ya sheria, kwa kuwa muuzaji hakuwa na umiliki wa kuhamisha. Ofisi ya kamanda ikimgawia mtu mwingine kipande hicho, aliyenunua hana pa kulalamika, na mara nyingi yule aliyepokea fedha ameshavuka bahari. Kinachoweza kulipiwa kwa usalama zaidi ni mali inayohamishika, kama vile mabati, milango, mifugo na bidhaa za duka. Kuhusu mahali penyewe, wa kuulizwa ni kamanda wa makazi, na aulizwe kabla ya fedha kutolewa.

Suala hili ni zito zaidi pembezoni mwa makazi, ambako wenyeji wa Isingiro na wakimbizi wamevutana kwa miaka mingi kuhusu mipaka. Shamba linaloitwa la mwenyeji laweza kuwa ndani ya eneo la serikali. Ahadi ya mdomo ya mwenyekiti wa kijiji haitoshi.

Nje ya makazi, ardhi yaweza kupatikana kwa njia halali, ila kwa masharti. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1998 zinamruhusu asiye raia kupata ardhi kwa mkataba wa kukodi tu, usiozidi miaka 99. Hati ya umiliki wa kudumu ni ya raia. Raia wa Kenya, Tanzania au Kongo hawana upendeleo katika hili, kwa kuwa Itifaki ya Soko la Pamoja imeliacha suala la ardhi chini ya sheria za kila nchi. Kabla ya kulipa chochote, mkodishaji afanye mambo manne: afanye upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi ya kanda iliyoko Mbarara, atembee mipaka akiwa na majirani na mwenyekiti wa LC 1, ahakikishe mume au mke wa mwenye ardhi ametoa idhini kwa maandishi ikiwa familia inaishi hapo au inaitegemea kwa riziki, na amtumie wakili wake mwenyewe, si wa muuzaji.

Watoto na uraia

Watoto wa wakimbizi husoma shule za msingi za umma pamoja na watoto wa Uganda. Mwaka wa masomo huanza kati ya mwisho wa Januari na mwanzo wa Februari na una mihula mitatu. Mtoto aliyesoma kwa Kifaransa nchini Kongo au Burundi mara nyingi hurudishwa madarasa ya chini hadi amudu Kiingereza. Wazazi wafike na ripoti zake za shule, na wamwandae kwa jambo hilo.

Kuzaliwa Uganda peke yake hakumfanyi mtoto wa mkimbizi kuwa raia. Ibara ya 12 ya Katiba, inayohusu uraia kwa kusajiliwa, inawatenga watu ambao wazazi wao au babu na bibi zao walikuwa wakimbizi nchini humo. Kwa hiyo, familia zilizoishi Nakivale kwa vizazi kadhaa zinahitaji kutunza kwa uangalifu vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho na hati za familia. Cheti cha kuzaliwa hakitoi uraia, lakini bila hicho mtoto hupata shida kuthibitisha umri wake, wazazi wake na nchi yao ya asili, iwe anaomba nafasi ya masomo, hati ya kusafiria au kurejea nyumbani. Nakala zihifadhiwe mahali pawili, moja nyumbani na nyingine kwa ndugu anayeaminika.