Kuzuia Uandikaji Uakisi Unapokatika: Historia Fupi ya Uamuzi katika Hifadhi Pacha za Data, 1976–2003

1.0 Utangulizi

Uakisi wa data ni utaratibu wa kuandika taarifa ileile katika diski mbili, ili moja ikiharibika nyingine ibaki. Mara nyingi utaratibu huu huelezwa kama suala la vifaa. Insha hii inajenga hoja tofauti: tangu nakala ya pili ilipohamishiwa katika jengo jingine, kiini cha uakisi kimekuwa ni uamuzi kuhusu hatua ya kuchukua pale mawasiliano kati ya nakala hizo yanapokatika. Je, diski ya msingi iendelee kupokea data mpya, au ifungwe? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua hasara itakuwa ya namna gani.

2.0 Kutoka Chumba Kimoja hadi Majengo Mawili

Kampuni ya Tandem, iliyoanzishwa California mwaka 1974, ilianza kuwafikishia wateja kompyuta zake zisizokusudiwa kusimama mwaka 1976. Diski zake ziliweza kuwekwa jozi jozi. Mwaka 1988 Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliuweka uakisi kuwa daraja la kwanza katika mpangilio wao wa RAID. Hadi hapo swali la kuzuia uandikaji halikuwa zito, kwa kuwa mfumo mmoja ulizisimamia diski zote mbili na uliweza kuitambua iliyoharibika na kuiacha.

Hali ilibadilika katika muongo wa 1990, EMC ilipotoa SRDF na IBM ilipotoa PPRC. Sasa kila amri ya kuandika ilisubiri uthibitisho kutoka kituo cha mbali. Ukimya wa kituo hicho ulikuwa na maana zaidi ya moja: huenda kebo imekatika, huenda diski ya mbali imekufa, au huenda ni mwanzo wa maafa yatakayoukumba upande wa msingi pia. Mashine haikuweza kutofautisha hali hizo kwa wakati wa kutosha, hivyo ilihitaji kuelekezwa mapema.

3.0 Viwango vya Uzio

Maelekezo hayo yanaonekana wazi zaidi katika TrueCopy ya Hitachi, inayompa msimamizi viwango vitatu vya uzio. Katika kiwango cha “data”, diski ya msingi hukataa kuandikwa kila nakala ya pili inaposhindwa kusasishwa. Katika kiwango cha “hali”, hukataa tu iwapo haiwezi kuiwekea nakala ya pili alama kwamba uakisi umesitishwa. Katika kiwango cha “kamwe”, hupokea data daima, hata kama nakala ya pili imebaki nyuma.

Kwa benki, kiwango cha kwanza kina maana kwamba kebo moja ikikatika, huduma husimama ilhali diski ya msingi ni nzima. Kiwango cha tatu kina maana kwamba huduma huendelea, lakini jengo la msingi likiungua baadaye, miamala iliyokwisha kuthibitishwa mbele ya wateja haitaonekana popote. Kiwango cha pili hulinda ujuzi wa kwamba nakala imepitwa na wakati. Hakiilindi data yenyewe.

4.0 Maafa ya Hatua kwa Hatua

Viwango hivyo vilikuwa na upungufu mmoja: vilihusu jozi moja moja. Hifadhidata huandika kwanza kumbukumbu ya mabadiliko, kisha data yenyewe, na mara nyingi katika diski tofauti. Moto haukati kebo zote kwa wakati mmoja. Kebo ya kumbukumbu ikitangulia kukatika huku uandikaji ukiruhusiwa, kituo cha mbali hupokea data isiyo na kumbukumbu yake, na hifadhidata haiwezi kurejeshwa kwa uhakika.

Mfumo wa GDPS wa IBM ulilijibu tatizo hilo kwa kugandisha jozi zote kwa pamoja pindi moja inapoyumba. Upande wa mbali hubaki na picha yenye mpangilio sahihi. Hata hivyo, uamuzi wa awali haukutoweka: baada ya kugandisha, msimamizi alipaswa kuwa amechagua kuendelea au kusimama.

5.0 Hitimisho

Mwaka 2000 Eric Brewer alitoa dai, lililothibitishwa na Gilbert na Lynch mwaka 2002, kwamba mtandao unapogawanyika mfumo hauwezi kudumisha ulinganifu wa data na upatikanaji wa huduma kwa pamoja. Wasimamizi wa diski walikuwa wamekwisha kulikabili sharti hilo kwa vitendo. Mwaka 2003, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, mamlaka za fedha za Marekani zilitoa mwongozo uliozitaka taasisi kuu za malipo ziweze kurejea kazini siku hiyohiyo. Uhandisi uliweza kuipunguza hasara na kuchagua umbo lake, haukuweza kuiondoa. Kwa hiyo mpangilio wa uzio unastahili kusomwa kama kumbukumbu ya kihistoria, kwani unaonyesha taasisi iliogopa nini zaidi: kusimama, au kupoteza.